Mafuta ya Nazi Katika Klachi ya Bwana Awadh

Juzi nilipita gereji moja ya Bondeni, nikasimama kumtazama kijana mmoja akishughulikia klachi ya gari. Alifungua kifuniko cha kikopo cha mafuta, akachungulia, akayaona mafuta yamekuwa meusi tititi, akachukua mafuta mapya akayamimina juu yake mpaka ukingoni. Akafunga, akapangusa mikono, akamwambia mwenye gari, "Tayari." Nikamuuliza, "Na yale ya zamani, mwanangu, yamekwenda wapi?" Akanijibu bila haya kwamba yatachanganyika yenyewe.

Yatachanganyika! Basi na mtu akivaa kanzu mpya bila kukoga, navyo vitachanganyika. Nilitaka kumjibu hivyo, lakini alikuwa ameshaitoa simu mfukoni na mimi nikawa sipo tena. Kwa hivyo namwandikia yeye, na nyinyi wenzake mliojaa magereji na nguo zenu za kazi zilizopigwa pasi, mambo ya klachi kama nilivyofunzwa na marehemu Fundi Mselem, aliyekuwa na uwanja wake papa hapa Bondeni miaka ya sitini. Msinune. Yeye alinitolea maneno makali kuliko haya, na kesho yake nilirudi kazini.

Klachi ya mafuta si kitu kigumu. Ukikanyaga pedali unasukuma pampu ya juu. Pampu ya juu inasukuma mafuta, mafuta yanapita katika paipu nyembamba mpaka pampu ya chini iliyo ubavuni mwa giaboksi, na hiyo ya chini ndiyo inayosukuma mkono wa klachi. Ndani ya kila pampu mna raba ndogo, na raba hiyo ndiyo bwana mkubwa wa kila kitu. Ikikatika au ikifura, gari lako la fahari ni kabati tu lenye magurudumu. Na mafuta yakikaa sana huingia unyevu, nao unyevu wa kisiwa hiki mnaujua, hata chumvi mezani hulowa. Hapo ndipo yanapoanza kuwa meusi, yakala pampu, yakaacha tope chini ya kikopo. Kuyajazia mapya juu yake ni kuyaletea mgeni tu, usafi haumo.

Fundi Mselem alikuwa haulizi mteja gari lina nini. Alikuwa anachovya kidole kwenye kikopo, anayasugua mafuta kwa kidole gumba, anayanusa, halafu anamtazama mwenye gari machoni. "Gari hii waipa nini ikala?" ndiyo salamu yake ya pili, baada ya ile ya Kiislamu. Aliwahi kuja bwana mmoja aliyetia maji ya sabuni, eti klachi isafike kwa ndani. Fundi akamwambia, "Umefanya vyema. Sasa kalete na nguo zako." Bwana yule alicheka, akadhani ni mzaha, mpaka alipoambiwa ni vitu gani vinatakiwa kununuliwa.

Lakini huyo wa sabuni alikuwa mjinga wa kawaida, na ujinga wa kawaida ndio uliotulisha sisi. Ninayetaka kuwahadithia ni Bwana Awadh, ambaye ujinga wake aliuvisha joho.

Bwana Awadh alikuwa na duka la kanga Biashara Street. Alikuwa mtu wa tasbihi, mtu wa udi, mtu wa safu ya mbele, na akihakikisha kwamba safu za nyuma zinajua yuko safu ya mbele. Alikuwa na gari jeusi la Kiingereza, ambalo yeye mwenyewe hakujua kuliendesha hata kulitoa kivulini. Dereva wake alikuwa Kombo, mtu wa Majengo, mpole, mwenye maneno machache, aliyemwendesha kwa miaka na miaka bila ya kulikwaruza.

Mwaka huo Bwana Awadh alikuwa akimwoza binti yake kwa mtoto wa Maalim Shali, mwalimu wa dini wa Mji wa Kale, mtu aliyeheshimiwa na wote. Kwa Bwana Awadh huo ulikuwa ushindi mkubwa kuliko duka lake. Akaanza kujitakasa yeye na kila alichonacho, mazulia, vikombe, mpaka akafika kwenye gari. Siku moja Kombo alikuwa amefungua boneti uani kwa tajiri wake anajazia mafuta ya klachi, Bwana Awadh akapita, akakinusa kile kikopo, akaruka nyuma.

"Hii yanuka pombe!"

Na kwa kweli mafuta yale ya zama zile yalikuwa na harufu ya ukali kidogo, kwani hutengenezwa kwa vitu vingi. Kombo akamweleza kwamba ndiyo mafuta yake, ndivyo yalivyo. Bwana Awadh akasema haiwezekani Maalim Shali na wazee wake wapandishwe katika gari lenye najisi tumboni. Akaingia jikoni kwake, akatoka na chupa ya mafuta ya nazi, yaliyokamuliwa na kupikwa nyumbani kwa mkono wa mama yake mzazi. "Mwaga hayo, tia haya. Haya ni safi, nayajua yalikotoka." Kombo akasema, "Bwana, klachi haitaki haya." Bwana Awadh akamuuliza gari ni la nani. Swali hilo kwa dereva halina jibu ila moja, na Kombo akatia.

Sasa vijana, sikilizeni, hapa pana elimu. Raba za pampu zile zilikuwa za mpira wa asili. Ukizipa mafuta yasiyo yake, ya injini, ya taa, ya nazi, hufura. Siku ya kwanza utaona pedali ni laini, utajisifu. Siku za mbele raba imeshavimba imekwama ndani ya pampu, pedali ukikanyaga hairudi, au inarudi inapotaka. Na mafuta ya nazi yana jingine: ilikuwa msimu wa kusi, na alfajiri zile za baridi huganda, mnayaona kwenye chupa za bibi zenu. Ndani ya paipu huganda vile vile.

Ikafika siku yenyewe ya harusi, nikahi ni baada ya Isha. Asubuhi Kombo akalileta gari mbele ya duka, akakanyaga klachi asimame, pedali ikaenda chini, lakini klachi isiachie. Gari likaendelea kwenda. Alikanyaga breki, gari likaruka, likazimika, lakini pua yake ilikuwa imeshaingia kwenye duka la jirani, Bwana Jivan, na kuzoa rundo zima la kanga zilizotandazwa nje. Hakuumia mtu. Kanga moja ilikuwa imejifunga kwenye taa ya mbele vizuri kabisa, kama imevalishwa.

Barabara nzima ikatoka. Bwana Awadh akatoka. Boneti ikafunguliwa, kifuniko kikafunguliwa, na harufu ya nazi ikawapanda watu puani, kila mmoja akaijua. Bwana Jivan akauliza, "Nani natia mafuta ya kupikia samaki hapa?" Bwana Awadh akatazama huku, akatazama kule, akaona watu wake wa safu ya mbele wamesimama wanamsubiri aseme. Akamnyooshea Kombo kidole.

"Mwizi huyu! Mafuta ya gari kayauza, kanitilia mafuta ya jikoni! Na chupa ya mama kaiba!"

Nataka mfahamu maana ya neno lile pale. Dereva wa nyumba ya watu huingia ndani, hubeba wake na mabinti, hubeba funguo za duka. Akiitwa mwizi Biashara Street asubuhi, ikifika adhuhuri hana mlango wa kubisha kisiwa kizima. Na wakati amri ya mafuta ya nazi inatolewa, uani walikuwa wawili tu, yeye na tajiri wake. Kombo hakuwa na shahidi.

Walilisukuma gari mpaka kwetu, na Kombo ndiye aliyesukuma kwa nguvu kuliko wote. Watu walipoondoka alikaa juu ya gurudumu bovu, akamsimulia Fundi Mselem yote. Fundi akamwacha amalize, kisha akamshukia.

"Na weye ukatia! Mtu mzima, una akili zako, ukatia!"

"Kaniuliza gari ni ya nani, Fundi."

"Ungemjibu ni ya Mungu."

Kombo hakucheka. Alisema, "Kazi nyingine nitapata, hata ya kubeba magunia. Jina ndilo sipati tena. Wanangu wataitwa wana wa mwizi." Kisha akalia, mtu mzima yule, akajifuta kwa mkono wenye vumbi la barabara. Nilikasirika, na ninapoandika haya nimekasirika tena. Fundi Mselem aliangalia pembeni, akakohoa, akasema, "Inuka, vua shati. Yeo utafanya kazi kwangu."

Tukaanza. Na hapa ndipo nataka yule kijana wa juzi anisikilize vizuri. Kwanza tulitoa mafuta yote, si nusu, si yaliyo juu tu. Tulizifungua pampu zote mbili. Raba ya pampu ya juu ilikuwa imefura hata haitoki, Fundi aliing'oa vipande vipande huku akimtaja Bwana Awadh kwa majina ambayo sitayaandika. Nilitumwa kununua raba mpya. Paipu tukaisafisha, pampu tukazisafisha, na hatukuzisafisha kwa petroli, kwa sababu petroli nayo huzifurisha raba. Tulizisafisha kwa spiriti, kisha tukazikausha, tukazipaka ndani mafuta mapya ya breki, ambayo ndiyo hayo hayo ya klachi, ndipo tukarudisha raba.

Bwana Awadh akatufika katikati ya spiriti. Alikuwa amevaa kanzu ya harusi tayari, amejipaka udi, ana haraka. Akanusa.

"Hii nini tena?"

"Spiriti," Fundi Mselem akajibu bila ya kuinua kichwa. "Pombe ile ya mwanzo uliidhania tu. Hii ndiyo yenyewe."

Bwana Awadh akaziba pua kwa ncha ya kilemba, akauliza kama gari litakuwa tayari kabla ya magharibi, maana wakwe walikuwa wanangoja kuchukuliwa. Hakumtazama Kombo, aliyekuwa ameshalala chini ya gari. Fundi akamwambia limebaki jambo moja, kutoa upepo, lakini hana mtu wa kukanyaga pedali.

Nyinyi siku hizi mna vijimashine vya kutoa upepo, mtu mmoja anafanya peke yake huku anapiga soga. Sisi ilikuwa lazima wawili. Mmoja hulala chini, kwenye pampu ya giaboksi, ambayo ina nati ndogo yenye tundu. Unavisha mpira mwembamba kwenye nati, ncha ya pili unaichovya kwenye chupa yenye mafuta. Wa juu hukanyaga pedali mpaka chini, wa chini hulegeza nati, mafuta na upepo hutoka mapovu mapovu kwenye chupa. Wa juu lazima ashikilie pale pale chini mpaka nati ikazwe. Akiondoa mguu nati ikiwa wazi, pampu huvuta upepo wote ndani tena, na kazi inaanza upya. Kwa hivyo wa chini ndiye anayetoa amri, na wa juu anatii. Mtu wa tatu husimama kwenye boneti akijazia kikopo kisiishe. Huyo wa tatu nilikuwa mimi, na kwa hivyo niliona kila kitu.

"Mbarak yuko kwenye kikopo," Fundi Mselem akasema, "mimi kiuno changu hakikunjiki, na Kombo yuko chini. Labda Bwana Awadh akanyage mwenyewe, ikiwa ana haraka."

Mpaka leo sijui kama alikuwa amepanga. Kiuno chake kilikuwa kizima asubuhi.

Bwana Awadh akakunja kanzu yake, akaketi kwenye kiti cha dereva kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Alikuwa mfupi, pedali ilikuwa mbali, ikabidi akae kwenye ukingo na ausukume mguu wote mbele.

"Kanyaga," ikasema sauti ya Kombo kutoka chini. "Shikilia. Haya, wata."

Akaondoa mguu.

"Kanyaga. Shikilia. Wata."

Mapovu yakatoka. Wakati huo watu walikuwa wanatoka msikitini baada ya Alasiri, na gari la harusi lililojifunga kanga asubuhi lilikuwa limeshakuwa habari ya mji. Wakasimama ukutani. Bwana Jivan naye akaja, na kanga yake yenye grisi mkononi, kudai haki yake. Halafu akaja Maalim Shali mwenyewe, kwa miguu, na bakora yake, kuuliza kilichowachelewesha wakwe zake. Bwana Awadh akataka kushuka amwamkie.

"Usiondoe mguu!" Kombo akapiga ukelele. "Nati i wazi!"

Bwana Awadh akarudi kwenye ukingo wa kiti. "Basi kaza, nishuke."

Chini ya gari ikasikika spana inawekwa mchangani.

"Nitakaza, Bwana. Nikumbushe tu. Nani alonambia nitie mafuta ya nazi?"

Fundi Mselem alikuwa anachunguza bati la paa kwa makini sana.

"Kombo, huu si wakati wake," Bwana Awadh akanong'ona.

"Mimi sina haraka, Bwana. Ni weye mwenye harusi."

Pedali ile nati ikiwa wazi haina uzito, hata mtoto huishikilia. Kilichomshinda Bwana Awadh ni kukaa na mguu ulionyooka, mtu aliyezoea kukunja miguu juu ya zulia. Goti likaanza kumcheza. Jasho likateremka na udi wake. Akatazama nje, na kila alikotazama palikuwa na mtu. Akajua kwamba akiuondoa mguu hapana gari, na pasipo na gari atawapeleka wakwe kwa mkokoteni.

"Mimi," akasema kwa sauti ndogo.

"Hawakusikia wale wa nde."

"Ni mimi! Mimi ndimi niliyemwambia!"

"Na chupa?"

"Niliitoa mwenyewe! Jikoni! Nilichelea Maalim asipande gari yenye pombe!"

Maalim Shali akainama akachungulia dirishani. Alikuwa mzee wa sauti laini, na hakuipandisha.

"Kwani, Bwana Awadh, ulikuwa wataka kunikaribisha niyanwe?"

Watu wakacheka mpaka wengine wakashika ukuta. Mimi nilimwaga mafuta nje ya kikopo. Maalim pekee hakucheka. Alisema, "Umemwita mtu mwizi mbele ya watu, nawe wajua si mwizi. Hilo ndilo lililonuka hapa. Klachi waachie mafundi." Bwana Awadh akafumba macho.

"Limebaki neno moya, Bwana," Kombo akasema kutoka chini.

Bwana Awadh akalisema, mguu unamtetemeka, mbele ya mkwewe na majirani na msikiti mzima: Kombo si mwizi. Alilisema kwa sauti iliyofika barabarani, kwa sababu alishajua kwamba kama haikufika ataulizwa tena. Nikasikia spana inazunguka, nati ikakazwa.

"Haya. Wata."

Kombo alitoka chini ya gari, mgongo mzima mchanga, akanawa, akavaa shati lake. Akajaribu gia zote, zikaingia bila ya mlio. Jioni ile aliwaendesha wakwe na bi harusi, kwa upole ule ule, na hakutia neno. Baada ya harusi Bwana Awadh akamwambia mbele ya wageni kwamba amemsamehe, arudi kazini kama kawaida. Kombo akamrudishia ufunguo kwa mikono miwili, kwa adabu zote, akaenda zake nyumbani Majengo.

Hakukaa bure sana. Bwana Jivan alikuwa akitafuta dereva wa gari lake muda mrefu, akikosa wa kumwamini, na huyu alikuwa amemsikia kwa masikio yake akiondolewa jina la mwizi na tajiri wake mwenyewe. Milango ya maduka yale mawili ilikuwa bega kwa bega. Kwa miaka yote iliyofuata, Bwana Awadh alipokuja asubuhi kwa miguu kufungua duka, kwa kuwa madereva aliowapata walikuwa hawakai, alimkuta Kombo amesimama kando ya gari la jirani, amevaa safi, anamngoja Bwana Jivan. Na kila asubuhi Kombo alitanguliza salamu, kama inavyompasa mtu mwenye adabu zake.

"Sabalkheri, Bwana. Gari haijambo?"